Zana za Bure za Kufundishia: Bure kwa Nani, na kwa Masharti Gani?



Katika ziara zangu za ukaguzi nimeulizwa swali moja na bodi za vyama zaidi ya kimoja. Swali lenyewe ni hili: "Chama chetu kimetenga fedha kidogo kwa ajili ya elimu. Vijana wetu wanatuambia kwamba siku hizi masomo yamejaa mtandaoni, tena bure. Je, tuyatumie? Na je, hayo ya bure hayana madhara?" Swali hili ni zuri, na linastahili jibu refu kuliko lile nililolitoa nikiwa nimesimama mlangoni mwa ghala huku gari likinisubiri. Makala haya ndiyo jibu hilo.

Kwa neno "zana" nina maana ya vitu vitatu. Kwanza ni masomo yenyewe, yaani maandishi, picha, sauti na sinema fupi. Pili ni programu za kufanyia kazi, kama ile ya kupigia hesabu au kuandikia barua. Tatu ni mifumo ya kuendeshea darasa, ambayo huorodhesha wanafunzi, hugawa kazi na kutunza alama. Na kwa neno "darasa" nina maana ya darasa la shule ya kijiji, ambayo vyama vyetu vingi huichangia, na pia darasa la ushirika, ambamo wanachama, wajumbe wa bodi na watumishi hujifunza kazi zao.

ELIMU NI WAJIBU WA CHAMA

Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao mwezi Desemba mwaka 1844. Baadaye walijiwekea kanuni ya kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na chumba cha kusomea na maktaba. Mwaka 1995 Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani lilipotangaza misingi saba ya ushirika, msingi wa tano ulikuwa elimu, mafunzo na taarifa. Kwa hiyo chama kinachowafundisha wanachama wake kinatimiza wajibu wake, wala hakiwafanyii hisani.

Hapa nchini jambo hili lina historia ndefu. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichofundisha kwa njia ya posta, redio na vikundi vya kujisomea. Wazee wetu wengi wanakumbuka pia kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambayo iliwafikia watu wapatao milioni 2. Watu hao hawakuwa na redio milioni 2. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio moja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakaamua watakalolifanya katika nyumba zao: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka majani kuzunguka nyumba.

Naomba msomaji aukumbuke utaratibu huo wa kusikiliza, kujadiliana na kuamua, kwa maana nitaurejea. Redio peke yake haikumfundisha mtu. Kilichofundisha ni kikundi kilichokaa kuizunguka. Simu na kompyuta nazo zina hali hiyo hiyo.

MAANA TATU ZA NENO "BURE"

Kosa la kwanza ninaloliona vyamani ni kudhani kwamba kila kisicho na bei kina hali moja. Sivyo. Neno "bure" mtandaoni lina maana tatu, na hapana budi mjumbe wa kamati ya elimu azijue kabla ya kushika zana yoyote.

Maana ya kwanza ni zana huria. Hizi mwenyewe amezitoa kwa leseni inayoruhusu watu wote kuzitumia, kuzinakili, na aghalabu kuzitafsiri na kuzirekebisha. Leseni zijulikanazo zaidi kwa masomo ni zile za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Mwaka huo huo wa 2002, katika mkutano wa UNESCO, ndipo lilipoanza kutumika jina la rasilimali huria za elimu. Zana ya aina hii ukishaipakua, hakuna wa kukunyang'anya.

Maana ya pili ni zana ambayo mwenyewe anakuruhusu uitumie kwake bila malipo, lakini bado ni mali yake. Unaingia kwa akaunti, na kazi yako inakaa katika kompyuta zake. Siku akiamua kufunga, umefungiwa.

Maana ya tatu ni bure ya kuonja. Unapewa sehemu ya zana ili uizoee, kisha unatakiwa ulipe ili upate iliyobaki. Mfanyabiashara wa sokoni hukukatia kipande cha nanasi kwa nia ile ile. Si dhambi kuonja, lakini usimpangie mgeni chakula cha mchana kwa kutegemea kipande cha kuonja.

ZANA ZIPI, KWA KAZI IPI

Sasa nitaje zana chache ninazozifahamu, kwa kufuata anayejifunza.

Kwa shule ya kijiji. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo. Chama kabla hakijanunulia shule vitabu, kimwulize mwalimu mkuu ni vipi tayari vinapatikana huko, ili fedha ielekezwe kwenye upungufu wa kweli. Kwa watoto wa madarasa ya chini, African Storybook, iliyoanzia Afrika Kusini, ina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, nazo zinaruhusiwa kupigwa chapa na kugawiwa. Ubongo, shirika la hapa hapa Tanzania, limekuwa likitengeneza vipindi vya katuni vya hisabati na sayansi kwa Kiswahili tangu mwaka 2014.

Kwa walimu wenyewe ipo TESSA, mpango wa elimu ya ualimu kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, ulioanza mwaka 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na ambao Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeshiriki. Masomo yake yapo pia kwa Kiswahili, na yanamwonesha mwalimu jinsi ya kufundisha kusoma, hesabu na sayansi kwa vitu vilivyomzunguka. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo. Mwalimu mwenye kifaa hicho anaweza kuyapata masomo haya akiwa kijijini, endapo atapata mtandao.

Kwa wanachama na bodi. Shirika la Kazi Duniani lina vitabu vya mafunzo ya ushirika vinavyopatikana bila malipo. My.COOP inahusu uendeshaji wa ushirika wa mazao, nayo ina sehemu nne: misingi ya ushirika wa wakulima, utoaji wa huduma kwa wanachama, upatikanaji wa pembejeo, na uuzaji wa mazao. Think.COOP na Start.COOP zinahusu wanaofikiria kuanzisha chama na wanaokianzisha. Hizi mbili zina jambo linalonipendeza: zimeandaliwa ili washiriki wafundishane wenyewe katika vikundi vidogo, bila kumsubiri mtaalamu kutoka mbali. Msomaji ataona kwamba hapo tumerudi kwenye kikundi cha redio.

Kwa watumishi. Mtunza hesabu, meneja na karani wanahitaji mambo mawili, yaani chombo cha kufanyia kazi na mahali pa kujiendeleza. Chombo kipo, nacho ni LibreOffice, programu huria yenye jedwali la kupigia hesabu na ukurasa wa kuandikia, inayofanya kazi bila mtandao ikishawekwa katika kompyuta. Yafaa vijana wetu wajue kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa programu ya aina hiyo kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mahali pa kujiendeleza papo pia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, lina chuo cha mtandaoni chenye kozi za bure za kilimo na chakula. OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza imekuwepo tangu mwaka 2006, nayo hutoa hati ya ushiriki. Lakini hati ya ushiriki inathibitisha kwamba mtu amesoma kozi. Si stashahada, wala bodi isiipandishie mtu cheo kwa karatasi hiyo peke yake.

Haya yana uzito kwa sasa kuliko zamani. Leo vyama vinatakiwa kuingiza taarifa zake katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania. Chama ambacho mtu mmoja tu ndiye anayeweza kufungua kompyuta kimemkabidhi mtu huyo funguo za nyumba nzima.

Nitaje pia programu za akili mnemba, ambazo humjibu mtu kwa maneno kama anavyojibu mwenzake. Zinaweza kumsaidia mwalimu kutunga maswali ya mazoezi, na karani kurahisisha barua ngumu. Lakini niliwahi kuiuliza mojawapo kuhusu kifungu fulani cha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Ilinijibu kwa lugha nzuri na kwa uhakika mkubwa, ikanitajia namba ya kifungu. Nilipofungua kitabu cha Sheria, kifungu hicho kilihusu jambo jingine kabisa. Jibu lolote la sheria, hesabu au dawa ya mimea litokalo huko sharti lithibitishwe katika maandishi halisi kabla halijafika mbele ya wanachama.

DARASA BILA MTANDAO

Wengi watasema: sisi mtandao kwetu ni wa kupanda mlimani. Naam, na hata ulipo, bando si bure. Tuchukue mfano wa sinema fupi ya somo yenye ukubwa wa megabaiti 50. Wanachama 30 wakiifungua kila mmoja katika simu yake, zitatumika megabaiti 1,500, nazo zitalipwa na wanachama. Ikiwa leseni inaruhusu, mtu mmoja akiipakua mara moja na kuionesha kwa wote, zitatumika megabaiti 50 tu, nazo zitalipwa na chama.

Zipo zana zilizotengenezwa makusudi kwa hali hii. Kiwix ni programu huria inayohifadhi kamusi elezo ya Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo, katika kompyuta au simu, ikasomwa bila mtandao wowote. Kolibri nayo ni programu huria yenye maelekezo pia kwa Kiswahili. Masomo hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha kompyuta hiyo huwagawia wanafunzi walio karibu kwa njia ya Wi-Fi ya ndani, bila kutumia bando. Miongoni mwa masomo yanayopatikana humo ni ya hisabati ya Khan Academy, shirika lisilo la faida lililoanzishwa Marekani mwaka 2008.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Karani anapokwenda wilayani kwa shughuli nyingine za chama, aende na kompyuta na orodha ya masomo iliyoidhinishwa na kamati ya elimu. Apakue huko, arudi nayo. Safari ilikuwapo; somo limepanda juu yake.

SOMO MOJA LA MFANO

Ili nisibaki katika maelezo, nieleze somo moja nililoliendesha mwenyewe katika chama kimoja cha msingi cha mazao. Walikuwapo wanachama 24 katika vikundi vinne. Tulikuwa na kompyuta moja ya zamani ya chama iliyowekewa LibreOffice, na kila kikundi kilikuwa na simu moja ya kupigia hesabu. Hatukutumia mtandao hata dakika moja.

Kila kikundi kilipewa nakala ya stakabadhi ya mfano. Tarakimu zake nilizitunga kwa ajili ya somo, wala si bei ya zao lolote la msimu wowote:

Uzito: kilo 640
Bei: Sh. 2,500 kwa kilo
Ushuru wa chama: Sh. 50 kwa kilo
Usafirishaji: Sh. 40 kwa kilo
Deni la pembejeo: Sh. 150,000

Kazi ilikuwa kutafuta fedha atakayoipokea mwanachama. Thamani ya mazao ni 640 mara 2,500, yaani Sh. 1,600,000. Ushuru ni Sh. 32,000, usafirishaji ni Sh. 25,600, na deni ni Sh. 150,000, jumla ya makato Sh. 207,600. Inabaki Sh. 1,392,400.

Vikundi vilipokuwa vikihesabu, mimi niliandika ubaoni jibu nililokuwa nimeliandaa nyumbani: Sh. 1,305,640. Hapo nikaona jambo lililonisikitisha. Vikundi vitatu vilitazama ubao, vikatazama karatasi zao, na kimya kimya vikaanza kufuta. Kikundi cha nne hakikufuta. Mama mmoja alisimama akasema, "Bwana Mkaguzi, samahani. Kilo zetu sisi ni mia sita na arobaini. Zako ni ngapi?"

Nilitazama karatasi yangu. Nilikuwa nimenakili 604 badala ya 640. Nilizibadilisha nafasi tarakimu mbili, na mwanachama wangu wa mfano alikuwa amepoteza Sh. 86,760. Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini kicheko kilikoma mara mzee mmoja alipouliza, "Na kama ungekuwa karani wa mizani?"

Tuliacha ratiba yangu, tukalijadili swali hilo kwa muda wote uliobaki. Tuliingiza hesabu ile katika jedwali la kompyuta, ukutani pakaoneshwa jinsi badiliko la kilo linavyobadilisha fedha. Kisha wanachama wenyewe wakaafikiana mambo mawili: kwamba kila mtu atasoma uzito mizani inapotulia na kuuandika katika daftari lake kabla ya kupokea stakabadhi, na kwamba atakayeona tofauti ataulizia papo hapo, mbele ya mjumbe wa bodi. Maafikiano hayo hayakutoka katika kompyuta. Kompyuta ilionesha tofauti. Wanachama ndio waliojadiliana na kuamua.

Kuna fundisho jingine kwetu tunaofundisha. Vikundi vitatu vilifuta jibu sahihi kwa sababu ya cheo cha aliyeandika ubaoni. Jibu likiandikwa na kompyuta, watu huliheshimu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwalimu yeyote wa ushirika, afundishapo kwa zana hizi, awazoeze wanafunzi kuuliza swali la yule mama: zako ni ngapi?

GHARAMA ZISIZOANDIKWA

Sasa niseme juu ya hatari, na nianze na kosa langu mwenyewe. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilimkuta mtumishi kijana aliyekuwa akiendesha mafunzo ya wanachama kwa mfumo wa bure wa mtandaoni. Mahudhurio, mazoezi, orodha ya wanachama na namba zao za simu, vyote vilikuwamo. Nilifurahi, nikaandika katika taarifa yangu ya ukaguzi kwamba ni hatua ya kupongezwa. Sikuuliza akaunti ile ni ya nani.

Akaunti ilikuwa ya kijana mwenyewe, kwa namba yake ya simu. Alipata kazi mkoa mwingine akaondoka kwa amani, hakuiba kitu. Lakini laini ile aliiacha kuitumia, neno la siri akalisahau, na namba ya kurejeshea akaunti haikuwapo tena. Kumbukumbu za misimu miwili zilipotea, na chama kikalazimika kupita kwa wanachama mmoja mmoja kuandika orodha upya. Hakuna shilingi iliyochukuliwa, ila hasara ilikuwapo, na sehemu ya lawama ni yangu. Kama lingekuwa daftari la fedha, ningeuliza mara ya kwanza linafungiwa kabati gani na nani ana ufunguo.

Yaliyotokea kwetu kwa udogo yametokea duniani kwa ukubwa. Edmodo ulikuwa mfumo wa bure wa darasa, ulioanzishwa Marekani mwaka 2008 na kupendwa na walimu wa nchi nyingi. Mwezi Septemba mwaka 2022 wenyewe waliufunga. Mwezi Mei mwaka 2023 serikali ya Marekani, kupitia Tume yake ya Biashara, iliishtaki kampuni hiyo kwa kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi na kuzitumia kwa matangazo ya biashara. Ilitajwa faini ya dola milioni 6, ikasimamishwa kwa kuwa kampuni haikuwa na uwezo wa kulipa. Basi walimu waliodhani hawalipi kitu walikuwa wakilipa kwa taarifa za wanafunzi wao. Kadhalika ubao wa kuchorea wa Google ulioitwa Jamboard, uliotumiwa na madarasa mengi, ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2024. Hapo wenyewe walitoa taarifa mapema, na waliokuwa waangalifu walihamisha kazi zao.

Kwetu Tanzania jambo hili sasa lina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jina la mwanachama, namba yake ya simu, kitambulisho chake, akiba yake na deni lake si vitu vya kurushwa katika kikundi cha WhatsApp, wala vya kupakiwa katika mfumo usiojulikana mwenyewe, kwa sababu tu mfumo huo hautozi fedha.

MASWALI SABA YA KUULIZA

Kutokana na hayo, nimejiwekea maswali saba ambayo sasa huyauliza kila ninapokuta zana ya bure chamani. Nayatoa hapa ili kamati za elimu zijikague zenyewe kabla sijafika.

1. Zana hii ni ya nani, na ni bure kwa maana ipi kati ya zile tatu?

2. Akaunti imefunguliwa kwa jina la chama au la mtu? Watu wawili walioidhinishwa na bodi wanalo neno la siri, na limehifadhiwa katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la chama?

3. Inataka taarifa gani za wanachama au za watoto? Je, somo haliwezi kufanyika bila taarifa hizo? Kama linaweza, zisitolewe.

4. Kazi yetu inaweza kupakuliwa na kutunzwa nje ya zana hiyo? Nakala ya mwisho ilitunzwa lini, na ipo wapi?

5. Inafanya kazi bila mtandao? Kama haifanyi, bando linalipwa na nani, na limo katika makisio?

6. Ipo kwa Kiswahili? Kama haipo, leseni inaruhusu kutafsiri, na ni nani atakayetafsiri na kupitia tafsiri hiyo?

7. Baada ya somo, wanachama waliamua nini, na uamuzi huo umeandikwa katika kumbukumbu?

Chama kikishindwa kujibu swali la kwanza hadi la nne, kisiitumie zana hiyo kwa taarifa za wanachama. Kinaweza kuitumia kwa kujisomea tu. Chama kikishindwa kujibu la saba, kitambue kwamba kimefanya burudani na hakijafanya somo.

PENDEKEZO LA KUANZIA

Sishauri chama chochote kiache semina na wataalamu kwa kuwa mtandao upo. Mtandao haujui mizani yenu imekaa upande gani wa ghala. Wala sishauri fungu la elimu lifutwe katika makisio kwa kisingizio cha "bure". Fungu hilo bado linahitajika kwa bando, umeme, matengenezo ya kompyuta, karatasi, na posho halali ya mwenye kuendesha somo.

Ninachoshauri ni kidogo, nacho kinawezekana kabla ya msimu ujao. Kamati ya elimu ichague zana mbili tu: moja ya watumishi, mathalani LibreOffice, na moja ya wanachama, mathalani sehemu ya kwanza ya My.COOP, iliyosomwa na kuelezwa kwa Kiswahili na mmoja wenu. Ziulizwe maswali saba. Majibu yaandikwe, yapelekwe kwenye bodi. Kisha wapatikane wanachama wachache walio tayari kukaa pamoja mara moja kwa wiki, kwa wiki nane, wakiwa na kompyuta moja na daftari. Mwishoni waeleze Mkutano Mkuu walichojifunza na walichoamua. Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji akialikwa, atawafundisha namna ya kufundisha, nanyi mtamwonesha masomo ya TESSA na hadithi za watoto alizokuwa hajaziona. Hapo chama na shule vitakuwa vimesaidiana bila kuombana fedha.

Nitakapopita tena kwa ukaguzi, nitaomba kuona vitabu vya hesabu kama kawaida. Baada ya hapo nitaomba kuona daftari la darasa. Na endapo nitakosea tarakimu ubaoni, natumaini nitamkuta mtu wa kuniuliza zangu ni ngapi.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika